Yamaha SuperJet 701 kwa samasoti ya nyuma: fedha ya kwanza iende miguuni

Anayetaka kupiga samasoti ya nyuma juu ya jetski ya kusimama huanza kwa kuuliza injini iwe ya ukubwa gani. Swali hilo lina wakati wake, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: miguu imeshikwa na nini? SuperJet ya mipigo miwili, ile ya silinda mbili na cc 701, hupinduka kwenye wimbi kwa injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, ilimradi miguu haibanduki sakafuni. Ukiiwekea injini kubwa huku miguu iko huru, itakutupa mbali zaidi, basi. Hapa tunaipima kwa kazi hiyo moja, ya kujifunzia samasoti. Ingekuwa ni mbio au matembezi, tungesema mengine.

Yamaha ilianza kuuza SuperJet mwaka 1990, ikabadilisha bodi mwaka 1996 na tena 2008, na zile za mipigo miwili zikaisha 2020. Bodi ya 2008 ina urefu wa mita 2.24 na uzito wa kilo 139 ikiwa kavu. Mwaka 2021 likaja toleo la mipigo minne, silinda tatu, cc 1,049, urefu mita 2.43 na uzito takriban kilo 170. Ni chombo kizuri. Hakina kazi ya kuchanganya oili na petroli, kinatulia kwenye kona, na kina swichi ya kupunguza nguvu kwa anayeanza. Lakini kwa samasoti tunashauri la zamani bila kusita, na sababu ni hesabu. Ugumu wa kuzungusha kitu hupanda pamoja na uzito wake, na hupanda kwa mraba wa urefu wake. Kilo 31 na sentimita 19 zinaonekana kidogo kwenye karatasi, ila ukizipiga hesabu kwa namna hiyo unapata chombo kigumu kuzungusha kwa kiasi cha asilimia 44 zaidi. Kawasaki SX-R iliyotoka 2017, yenye cc 1,498 na uzito wa takriban kilo 250, imepita hata hapo. Hiyo ni mashine ya kasi, na anayejifunza samasoti hana upungufu wa kasi.

Anachopungukiwa ni muda. Jetski iliyorushwa mita moja juu hukaa hewani kwa sekunde 0.9. Ikipanda mita moja na nusu, ni sekunde 1.1. Ndani ya muda huo izunguke nyuzi 360. Kwenye maji yaliyolala, mzunguko wote hutoka kwenye injini na misuli, na ndiyo maana wanaoshindana kwa mitindo huru kwenye fainali za dunia za IJSBA (chama cha kimataifa cha michezo ya jetski) kule Lake Havasu City, Arizona, hupanda bodi maalumu fupi na nyepesi zenye injini na pampu (ile inayosukuma chombo kwa mkondo wa maji) kubwa kupita za kiwandani. SuperJet ya kiwandani isidaiwe hilo. Kwenye wimbi hali ni nyingine. Uso wa wimbi linalokaribia kuvunjika huinua omo, yaani ncha ya mbele, kabla chombo hakijaachana na maji. Ukitoka mdomoni mwa wimbi omo ikitazama juu kwa nyuzi 70, karibu moja ya tano ya mzunguko imeshafanyika bure. Nyuma ya kilele, tena, maji yako chini kuliko pale uliporukia, kwa hiyo unaongezewa kipande cha muda. Hapo 701 inatosha kabisa, na hapo ndipo pa kujifunzia.

Sasa miguu. Sakafu ya SuperJet ya mipigo miwili ilitoka kiwandani ikiwa tambarare, yenye zulia la mpira peke yake. Ukipinduka kichwa chini juu ya sakafu hiyo, kinachokuunganisha na chombo ni mikono miwili. Na mikono haitoshi, kwa sababu ambayo wengi huigundua wakiwa wameshachelewa: nguzo ya usukani ina bawaba. Kuvuta usukani kunainua nguzo, hakuinui omo. Jaribu nchi kavu, simama sakafuni, vuta kwa nguvu zako zote, uone nguzo inavyokuja kifuani huku bodi imetulia tuli. Anayeizungusha bodi ni mguu unaovuta sakafu kuelekea juu huku mwili wote ukilala nyuma. Mguu usioshikwa hauwezi kuvuta kitu.

Vishikizi vya miguu ni mifuko miwili ya faiba inayogandishwa kwenye pembe za sakafu, kulia na kushoto, mguu ukaingia kutoka nyuma na mgongo wa mguu ukabanwa kwa juu. Vipo vyembamba vinavyobana na vipo vipana. Kwa anayejifunza chukua vipana: mguu uingie mpaka katikati ya mgongo wake, usifike kifundoni, na utoke kwa kugeuza kisigino nje. Pima hilo ukiwa na viatu vya majini, tena vikiwa vimelowa. Kishikizi kinachokuzuia kutoka ukiwa nchi kavu kitakuzuia vibaya zaidi ukiwa chini ya maji kichwa chini.

Mahali pa kuviweka ni uamuzi ambao hutaurudia kirahisi, kwa hiyo usiharakishe. Pandisha jetski kwenye stendi, vaa viatu vyako, shika usukani, kunja magoti kama mtu anayetaka kuruka, na mtu mwingine apige utepe pale vidole vilipoishia. Fanya hivyo mara tano bila kuangalia chini, kisha chukua wastani. Kosa la kawaida ni kuviweka mbele mno kwa kuogopa kuuacha usukani mbali. Miguu ikiwa mbele, uzito wako unaikalia omo, na omo ndiyo unayotaka ipande. Miguu ikiwa nyuma kupita kiasi, mikono inanyooka kabla ya kuruka na hakuna kilichobaki cha kuvuta. Sentimita tano huku au kule zinatosha kuigeuza tabia ya chombo.

Gundi ndiyo sehemu ambayo kazi nyingi hufia. Bodi ya SuperJet ni ya SMC, yaani faiba na resini vilivyogandamizwa kwa joto ndani ya kalibu. Resini ya kawaida ya poliesta haiishiki sawasawa. Itakaa kidogo, halafu kishikizi kitabanduka kizima kama gamba la samaki, mara nyingi katikati ya ruko. Tumia epoksi. Bandua zulia na gundi yake yote, piga msasa namba 40 au 60 mpaka rangi iishe na nyuzi za faiba zionekane, futa vumbi, pangusa kwa asetoni na kitambaa safi, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu. Kalisha kishikizi kwa epoksi iliyozidishwa uzito kwa unga wake, jaza pembe ya ndani iwe mviringo badala ya kona kali, halafu laza tabaka tatu za kitambaa cha faiba, kila tabaka likizidi lililo chini yake kwa sentimita mbili hadi tatu. La mwisho lienee sakafuni angalau sentimita nane kuzunguka. Ikishakauka itaonekana ngumu siku ya pili, lakini epoksi nyingi huchukua karibu wiki nzima kufikia nguvu zake, na zaidi kwenye baridi. Usiruke kabla.

Baada ya miguu, maji. Chombo kitakaa kichwa chini mara nyingi kwa siku moja, na SuperJet ya kiwandani haikuandaliwa kwa hilo. Mfumo wake wa kunyonya maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ndani ya bodi, hutegemea mkondo wa pampu, kwa hiyo injini ikizima nao umezima. Ongeza pampu ya ngama ya umeme ya volti 12, yenye uwezo wa kama lita 1,900 kwa saa, na swichi yake iwe pale kidole kinapofika bila kuachia usukani. Ongeza mkanda wa kufungia boneti juu ya kile kilichopo. Boneti ikifunguka kwenye povu, chombo hujaa kufumba na kufumbua. Betri nayo ifungwe kwa mikanda miwili. Mkanda mmoja wa mpira unatosha kwa matembezi, ila betri iliyogeuzwa mara hamsini itautoka tu.

Nguzo ivalishwe pedi nene pale kidevu kinapoelekea. Hili halina mjadala: kwenye samasoti isiyokamilika uso hukutana na nguzo. Helmeti, kinga ya meno, jaketi okozi lenye ubao wa mgongoni, na kamba ya kuzimia injini ikiwa mkononi kila mara.

Kabla ya samasoti yenyewe, hakikisha mambo mawili yako mwilini. La kwanza ni kuruka wimbi na kutua wima, omo juu kidogo, mara kumi mfululizo bila kuanguka. La pili ni mwili kuzoea kuzunguka kinyumenyume, na hilo hujifunzwa kwa trampolini, si majini. Asiyejua maji yako upande gani akiwa kichwa chini hatalijua kwa mara ya kwanza huku kilo 139 zikiwa juu yake.

Uchaguzi wa wimbi unastahili muda mrefu kuliko jaribio lenyewe. Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake. Maana yake wimbi la mita moja huvunjika kwenye maji ya mita 1.3, kina cha kusimama. Mtu akiangukia hapo kichwa chini, mchanga hauko mbali. Kwa hiyo wimbi dogo, linaloonekana la upole, ndilo la hatari kwa samasoti. Tafuta la mita moja na nusu, lisimame juu ya fungu la mchanga lenye maji ya mita mbili, na nyuma yake pawe na kina zaidi maana huko ndiko unakotua. Nenda ukakague sehemu hiyo wakati wa maji kupwa, uone fungu lilivyokaa na kama kuna mwamba. Kisha rudi maji yanapojaa. Mawimbi yapishane kwa nafasi. Yakifuatana karibu karibu, la pili litakukuta bado unatafuta usukani.

Ruko liko hivi. Likabili wimbi uso kwa uso, bila upogo hata kidogo, kwani ukilipanda kwa ubavu utamaliza ukiwa umelala ubavu. Njoo kwa mwendo wa wastani, nusu ya mafuta, magoti yamekunjwa, mikono imekunjwa nusu. Omo ikianza kupanda uso wa wimbi, bana mafuta yote. Hapo ndipo pampu inapokuwa na maji mazito na nguvu yake yote. Subiri. Asilimia kubwa ya majaribio mabaya hutokana na kuvuta mapema, wakati tezi, yaani sehemu ya nyuma, bado iko chini ya wimbi, na matokeo yake chombo hupanda wima kama mnazi na kurudi palepale. Tezi ikifika mdomoni, fanya vitu vitatu kwa pamoja: nyoosha magoti kwa kishindo, tupa kichwa nyuma mpaka macho yatafute maji ya nyuma, na vuta miguu juu ndani ya vishikizi. Mikono inafuata, haiongozi.

Sauti ya injini itakuambia ukweli. Pampu ikitoka majini injini inakosa mzigo na mngurumo wake hupaa ghafla kuwa mlio mwembamba. Ukiusikia mlio huo, achia mafuta. Kuendelea kubana hakuongezi mzunguko hata nukta moja, kwa sababu pampu haina maji ya kusukuma. Na ukitua injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, impela, yaani feni ya ndani ya pampu, hukamata maji kwa mshtuko unaopita kwenye shafti, kwenye raba ya kuunganishia, mpaka kwenye kranki. Tua kwanza, kisha bana mafuta mara chombo kinapoyagusa maji, ili kisizame tezi.

Mzunguko usiotosha hutua omo kwanza na kukurusha juu ya usukani. Ukiona maji yanakuja na bado uko kichwa chini, toa miguu, usukume usukani mbali na kifua, jikunje. Usijaribu kukiokoa chombo. Mzunguko uliozidi kidogo hutua tezi kwanza, na huo ndio unaotakiwa, kwa kuwa tezi inapunguza kishindo kabla tumbo la bodi halijapiga maji. Kutua tumbo zima kwa pamoja huonekana kuzuri kwenye video, ila magoti na mihimili ya injini hulipia.

Mihimili hiyo, tena, iwe kwenye orodha ya kukagua kila siku ya mazoezi. Vitu vinavyolegea kwanza ni boliti za mihimili ya injini, boliti za kiti cha nguzo pale inapoungana na bodi (tazama nyufa zinazoanzia kwenye matundu), raba ya kuunganishia shafti, na kingo za vishikizi. Gonga kingo hizo kwa kipini cha bisibisi. Mlio mkavu ni mzima. Mlio mzito na wa shimo ni dalili kwamba faiba imeanza kuachana na sakafu. Wavu wa kuingizia maji nao uangaliwe kila unapotoka, maana kipande cha mwani kikinasa hapo pampu inavuta hewa na ruko linakufa katikati ya wimbi.

Injini ikimeza maji, na siku moja itameza, dakika zina thamani. Kigeuze chombo kwa upande ulioandikwa kwenye kibandiko cha tezi, si upande wowote ule, la sivyo maji ya ekzosi yanaingia kwenye silinda. Usiendelee kupiga stata plagi zikiwa ndani: maji hayabanwi, na kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Toa plagi zote mbili, nyaya zake zigusishwe bodi ya injini mbali na matundu ili cheche isikutane na mvuke wa petroli, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka matundu yaache kutema maji. Nyunyiza oili kidogo ndani, weka plagi kavu, iwashe, na iendeshe mpaka ipate moto kamili. Injini ya mipigo miwili iliyolala na maji ya chumvi usiku mmoja huamka na beringi za kranki zenye kutu. Hapa injini hii inastahili sifa, maana ukiishughulikia palepale inarudi kazini siku hiyohiyo. Ya mipigo minne hudai kumwaga oili na kuweka nyingine.

Kuhusu kuongeza nguvu tutasema machache. Mchanganyiko wa kiwandani ni 50 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwa lita 10 za petroli. Injini iliyofunguliwa na kuongezwa nguvu wengi huipa 40 kwa 1, mililita 250. Kitu cha kwanza cha kununua upande wa nguvu ni impela yenye pembe ndogo, inayokata kasi ya mwisho na kuongeza msukumo wa kuondokea. Halafu wavu wa kuingizia maji unaoshika vizuri kwenye povu. Bomba la ekzosi la mbio huleta tofauti kubwa, ila likifungwa lazima kabureta zote mbili zipangwe upya, vinginevyo mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi) na pistoni inatoboka. Nozeli inayoinamishwa kwa kidole, inayosukuma maji juu na kuizamisha tezi, ni msaada mkubwa wa kuinua omo, lakini inaongeza kitendo kimoja kwenye sekunde ambayo tayari imejaa vitendo. Ipate baada ya kupiga samasoti bila hiyo.

Anayenunua iliyotumika apime uzito kabla ya kusikiliza injini. Ndani ya bodi kuna povu la kuelea, na kwenye chombo cha miaka mingi povu hilo hunywa maji yasiyotoka. Ning'iniza jetski kwa mizani ikiwa na tangi tupu. Ikizidi kilo 150, mizigo hiyo umeinunua na haitauzika. Geuza nguzo juu chini usikilize bawaba, pima silinda zote mbili kwa geji ya kompresheni (tofauti kati yao iwe ndogo, isivuke asilimia 10), ingiza kidole kati ya impela na ukuta wa pampu uhisi kama pengo ni lilelile pande zote. Na kama tayari ina vishikizi vya miguu, panda juu yake, ingiza miguu, na uvute kwa nguvu zote kabla hujatoa fedha. Vikibanduka hapo, bei ishuke. Vikishika, muulize muuzaji alitumia gundi gani, na kama jibu ni poliesta, panga kuving'oa na kuvigandisha upya kabla ya wimbi la kwanza.